Ng'ombe wa Mama na Ada ya Korti

Baba,

Ejok, hujambo huko uliko. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotulisha, na kwa sababu ni wewe uliyenifundisha. Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kwenye ukalimani wako kortini pale Lodwar, unatundika koti kwenye msumari, halafu unanitupia maneno ya Kiturkana niyageuze kuwa Kiswahili kabla chai yako haijapoa? Nikikosea ulisema, "Hapo umemfunga mtu bure." Mama alikuwa akicheka jikoni bila kujua tunacheka nini. Leo sina wa kunisahihisha, kwa hiyo nikimfunga mtu bure humu ndani utanisamehe.

Ningependa kuyasema haya pale ulipolala, nyuma ya vyumba vyako vya duka hapa Kakuma, tulikohamia baada ya Lodwar. Siwezi. Kuna geti jipya la mabati, lina kufuli, na ufunguo anao mdogo wako Lokeris. Nikitaka kufika kwenye kaburi la baba yangu, lazima nimwombe yeye. Mpaka wiki hii nilikuwa nimeapa kwamba sitamwomba. Tangu alipotutoa nyumbani kwako, mimi na Mama tunakaa kwenye chumba cha kupanga huku karibu na mto Tarach, na mto wenyewe, kama unavyoujua, ni mchanga mtupu.

Jambo la kwanza nataka ujue kwamba nimekasirika, na si Lokeris peke yake ninayemkasirikia. Nimekukasirikia wewe. Kwa muda mrefu niliona haya kumkasirikia marehemu, nikawa namalizia hasira kwa watoto wa chekechea darasani, masikini, wasiojua lolote. Haya imeniisha. Wewe naweza kukushitaki bure. Hakuna karani atakayeniuliza namba ya malipo.

Nianze mwanzo.

Tulikuwa bado na vichwa vya kunyolewa juzi kwa msiba wako wakati Lokeris alipokuja na wazee wawili. Alichukua ekicholong chako, kile kigoda ulichokuwa ukikalia na kulazia kichwa, akakikalia bila kuuliza. Akasema maneno machache tu, kwa Kiswahili, ili wapangaji nao wasikie: "Ng'ombe ya ndoa iko wapi? Mimi sikukula nyama yake."

Hakuna haja ya kukueleza alichomaanisha. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaeleza mahakimu wageni, kesi baada ya kesi, kwamba kwetu mwanamke huwa mke siku ile dume la ng'ombe linapochomwa mkuki na wazee wa pande zote wakala. Kabla ya hapo, hata akizaa watoto kumi, yeye ni binti wa kwao na watoto wake ni wa kwao. Uliwaeleza vizuri sana. Ila nyumbani kwako ng'ombe huyo hakuchinjwa, na mimi na ndugu yangu Ekai tulizaliwa, tukasoma, tukawa watu wazima, bila nyama hiyo kuliwa.

Mama aliinama akatazama chini. Mimi, Baba, nilicheka. Nilimcheka baba mdogo mbele ya wazee, kwa sababu nilikuwa na ile karatasi yako ya kiapo yenye muhuri, inayosema Akiru ni mke wako na sisi ni watoto wako. Nikakumbuka ulichokuwa ukiwaambia watu waliokuja kukuuliza mambo yao pale uani Lodwar: "Kortini mtu na mkubwa wake wanasimama kimo kimoja." Nilisema kwa sauti yako kabisa, "Tutaonana kortini." Lokeris naye akacheka. Akasema, "Sawa. Korti iko pale. Enda." Sasa ninajua kwa nini alicheka, na kicheko chake kilikuwa na akili kuliko changu.

Nilienda. Dirishani nilimkuta yule karani mrefu uliyekuwa ukimwita Twiga, aliyehamishiwa huku kutoka Lodwar. Alikuwa anakula kwetu Jumapili, alikuwa anamwita Mama "shemeji". Nilifurahi kumwona mpaka nikasahau kilichonileta. Nilimpa karatasi zangu, nilizoziandika mwenyewe kwa namna ulivyonifundisha. Akazisoma, akaniambia zimeandikwa vizuri. Halafu akageukia kompyuta, na tangu hapo hakunitazama tena usoni.

"Mwalimu," aliniambia, "hizi si bei za wakati wa mzee. Ada imepanda. Tena hii inafuata bei ya ploti."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hukuwahi kunieleza. Ulipopewa ile ploti ilikuwa miiba na kinyesi cha mbuzi, watu wakakucheka. Kisha makazi ya wakimbizi yakafunguliwa kule Kalobeyei, boda boda zikajaa barabarani, maduka yakaota, na ile miiba yako ikawa mali. Basi kwa kuwa kiwanja kina thamani, kukidai nako kuna bei yake. Na bei yenyewe lazima ithibitishwe na mtaalamu wa kutoka Eldoret, naye haji bure. Nilisoma ile hesabu aliyonitolea Twiga mara mbili nikitafuta alipokosea. Mshahara wangu wa kaunti, ambao hata hivyo huchelewa, haukuwa hata karibu. Ilikuwa bei ya dume la ng'ombe lililonona, na hiyo ni ya kufungua mlango tu. Bado kuna ya kupeleka hati, bado kuna ya nauli, bado kuna ya kila siku utakapoambiwa urudi mwezi ujao.

Lokeris alikuwa na wakili wa kutoka Kitale, kutoka "Kenya", kama wazee wanavyoita huko kusini. Unajua anamlipa kwa nini? Kwa kodi ya vyumba vyako. Nilikwenda kwa Hassan, yule Msomali wa duka la sukari na mafuta, nikamsihi asimpe Lokeris kodi mpaka mambo yaamuliwe. Aliniwekea kiti, akanipa soda, akasema kwa upole, "Dada, mimi hapa ni mgeni. Mimi nalipa ile mtu iko na ufunguo." Sikuweza kumlaumu. Lakini ilinichoma kwamba mtu anatupinga kwa pesa za nyumba yetu, na sisi wenyewe tumezuiwa mlangoni kwa kukosa pesa. Hicho ndicho kimo kimoja ulichokuwa ukituhubiria.

Twiga alinifuata nje. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna ombi la kushitaki kama maskini. Ukiapa huna kitu, na hakimu akiridhika, unasamehewa ada. Nilimshukuru mpaka nikakaribia kulia. Niliandika ombi usiku huo huo, kwa jina la Mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyefukuzwa nyumbani kwake. Niliona mkono wako uko ndani ya jambo hili. Nilidhani umetutumia Twiga.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo nilipokuita kwa jina ndani ya moyo wangu.

Mama alipanda kizimbani na shanga zake zote. Nilikuwa nimemwambia avae kawaida. Akanijibu kwamba haendi mbele ya serikali kama mtu aliyeokotwa. Lokeris alikuwa amekaa benchi ya nyuma na wale wazee wawili. Mkalimani anayefanya kazi kama yako hapa ni kijana mzuri, amekulia mjini, anatafsiri haraka bila kukosea neno. Hakimu akauliza kama Mama ana mali yoyote. Mkalimani akauliza. Mama akatazama nyuma, akamwona Lokeris, akajinyoosha shingo. Akasema, "Mimi ni mke wa mtu. Zizi langu limejaa."

Kijana akatafsiri: zizi lake limejaa.

Baba, tuna mbuzi wanne na mwana-mbuzi mmoja mwenye mguu mbaya. Nakutajia wewe tu, kwa sababu wewe huwezi kuwatia kijicho. Lakini mama gani wa Kiturkana atasimama mbele ya watu waliomfukuza, katika chumba kilichojaa wageni, aseme hana mifugo? Bora angevuliwa shanga. Hakimu akauliza wangapi, Mama akasema mtu hahesabu mifugo yake mbele ya watu. Kijana akatafsiri hilo pia, neno kwa neno, na kwa Kiingereza likasikika kama jeuri. Nilinyanyua mkono, nikaambiwa nikae.

Wewe ungesimama. Najua, kwa sababu ulishatusimulia kuhusu yule mzee wa Katilu aliyeulizwa idadi ya mbuzi akanyamaza kimya, hakimu akaanza kukasirika, ukasema, "Mheshimiwa, naomba ruhusa. Huyu mzee hajakataa kujibu. Kwake kuhesabu mifugo hadharani ni kuiombea ife." Hakimu akaweka kalamu chini, akamruhusu mzee amnong'oneze karani sikioni. Ulirudi nyumbani siku hiyo ukitembea kama uliyeshinda uchaguzi. Nami siku ile nikiwa pale kwenye benchi ngumu nilikuwa natazama mlango, kama mjinga, nikingoja uingie na koti lako.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alisema amesikia kwa masikio yake kwamba mwombaji ana mifugo. Ombi likakataliwa. Akatupa muda wa kulipa ada, la sivyo faili ifungwe. Kwa hiyo tumeshindwa kabla ya kesi kuanza, na hakuna hata mtu mmoja aliyefungua ile karatasi yako yenye muhuri akaisoma.

Tulirudi kwa miguu kupitia mchangani. Nilimfokea Mama. Sijawahi kumfokea maishani. Nilimwambia kiburi chake kimetuuza. Aliendelea kutembea, kisha akaketi kwenye ukingo, akavua ndala akakung'uta mchanga, akaanza kunisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Kuna mambo uliyaficha, Baba, na uliyaficha vizuri.

Kumbe ng'ombe alikuwepo. Ulimnunua mwaka ambao mimi nilianza darasa la kwanza, dume jeusi lenye kipaji cheupe, ukamweka kwa wajomba. Mama alishaandaa ngozi ya kuvaa siku hiyo. Alikuwa anakwenda kumtazama kila mara, anamkuna shingoni. Halafu akaja mjane kutoka Katilu, ambaye shamba lake la kando ya mto Turkwel lilikuwa linachukuliwa, naye hakuwa na ada ya kufungulia kesi. Wewe ukamuuza ng'ombe wa Mama ukamlipia. Mama anasema ulirudi ukamwambia, "Akiru, mwaka ujao." Mjane alishinda. Na yale mahindi ya Katilu yaliyokuwa yakija kila mavuno, magunia mawili, ambayo mimi nilidhani unayanunua, yalikuwa shukrani yake. Nimekula ng'ombe wa mama yangu miaka yote kwa njia ya ugali.

Mwaka ujao haukufika. Mama alikukumbusha, ukamwambia kwamba sheria imeshamwoa, ukamletea ile karatasi ya kiapo. Anasema aliishika akainusa, ikanuka wino, akaiweka chini ya godoro.

Kumbe ulijua. Hilo ndilo linaloniuma. Si kwamba ulikuwa mtu wa ndoto usiyejua ada za korti. Ulijua mlango ule unalipiwa. Ulijua kuna watu wanaosimama nje, na uliona vibaya mpaka ukatoa kitu ambacho hakikuwa chako kukitoa. Halafu ukarudi uani kwako ukaendelea kuwaambia watu kuhusu kimo kimoja, na mimi, mtoto wako, nikiwa miguuni pako nikiamini. Kwa nini hukuniambia? Ningejiandaa. Ningeanza kukuwekea akiba ya ng'ombe mwingine tangu mshahara wangu wa kwanza badala ya kukununulia ile redio.

Nimejaribu kukuelewa. Siku nyingine ninaweza. Namwona yule mjane mlangoni, namwona Mama naye ana wewe, nyumba, na chakula, nawe unafikiri ng'ombe anaweza kungoja. Siku nyingine siwezi kabisa. Ulimfungulia mama wa watu mlango kwa ng'ombe wa mama yangu, na leo mama yangu amefungiwa milango yote miwili, wa korti na wa nyumbani.

Wiki iliyopita chama chetu cha walimu kilinipa mkopo. Pamoja na malimbikizo ya mshahara yaliyoingia, zilitosha ada ya korti. Nilikaa na Mama mlangoni mchana, nikaandika namba za malipo kwenye simu, ikabaki kubonyeza tu. Mama hajui kusoma lakini anajua simu. Akauliza ni pesa ngapi hizo. Nikamwambia. Akafikiri kidogo akasema, "Hiyo ni ng'ombe."

Nikamweleza tena kuhusu kesi, kwamba tukilipa tutasikilizwa, kwamba sheria iko upande wetu, kwamba mimi na yeye na Ekai tutapata haki zetu sawasawa, binti na mwana bila tofauti. Nilisema kwa maneno yako yote. Alinisikiliza kwa heshima, kama alivyokuwa akikusikiliza wewe. Halafu akanishika mkono wenye simu. Akaniambia hataki kushinda kesi. Akaniambia anataka kuolewa.

Nilifuta zile namba moja moja.

Basi nimeomba, Baba. Nilikwenda kwa Lokeris na wajomba, tukakaa na wazee siku mbili. Ndoa yako itakamilishwa Jumamosi. Nimeshapata dume, jekundu, kutoka kwa wafugaji wa upande wa Lokichoggio. Mifugo mingine ya mahari wajomba wamekubali ije kidogo kidogo, mvua ikinyesha. Korti haina mambo ya mvua ikinyesha. Wazee wanayo, na siwezi kuwadanganya kwamba hilo halikunivuta.

Lakini nao wana ada yao, na nataka uijue yote, nisikufiche kama ulivyonificha. Kwa kuwa wewe haupo, wa kushika mkuki kwa niaba yako ni mdogo wako. Ndiyo, Lokeris. Yeye aliyetufungia geti ndiye atakayesimama mahali pako amwoe Mama kwa jina lako. Atakula nyama, na mara hii hatasema hakuionja. Vyumba viwili vitabaki kwake "kwa taabu yake". Viwili ni vya Mama mpaka atakapokufa, halafu vitakwenda kwa Ekai, ambaye yuko Juba na malori na hajawahi hata kuuliza. Nilipouliza mimi nitapata nini, mzee mmoja alinijibu kwa upole kabisa, "Wewe ni msichana. Utapata kwenu kwingine ukiolewa." Nina miaka thelathini na minne. Niliinama nikatazama chini, kama Mama siku ile.

Nilitia kidole gumba kwenye makubaliano, ingawa ninajua kuandika jina langu. Walileta wino, nikaona tu nimalize. Jumamosi nitakuwa mtoto wako kwa mila, na kwenye ardhi yako nitakuwa sina changu. Kortini ningepata vyote viwili, lakini kortini sikuweza kuingia.

Twiga nilimweleza jana. Alisikitika, akasema faili itafungwa muda ukiisha, kisha akaongeza kwamba kila wiki anafunga nyingine kama hiyo, na nyingi ni za akina mama. Aliyasema hayo akitazama kompyuta.

Hii ndiyo ahadi yangu kwako. Jumamosi geti litafunguliwa, nami nitakuja. Nitakuletea tumbaku na kipande cha nyama ya kidari, nikiweke pale karibu na kichwa chako, ili nawe uile nyama ya harusi yako. Ile karatasi yenye muhuri sitaichoma. Nitaihifadhi kwenye mkebe wa biskuti pamoja na ombi nililoandika, na siku mlango ule utakapokuwa wa kimo changu nitairudisha kwa Twiga au kwa atakayekuwa dirishani. Na wazazi wa watoto ninaowafundisha wakija kuniuliza kuhusu korti, kama walivyokuwa wakikuuliza wewe, nitawaambia waende, lakini kwanza nitawaambia bei. Sitawaficha hata mmoja.

Hasira bado ninayo. Nitakuja nayo Jumamosi, tukae nayo sote wawili.

Mama anashona shanga kwenye ngozi yake. Kumbe aliitunza, ile ile, miaka yote hii. Imekuwa ngumu, ameilainisha kwa mafuta siku tatu. Ananiuliza kama nimeshakwambia atakavyovaa, nami ninamwambia ndiyo.

Kwaheri, Baba. Lala vizuri hizi siku mbili zilizobaki, maana Jumamosi unaoa.

Binti yako,
Akai